Vumbi Kwenye Mstari wa Tatu

Pale maktaba hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Ratiba, kwa sababu kila mwisho wa mwezi alipanda juu ya kiti, akafuta ubao mweusi wa mlangoni, akashika rula na chaki, akaandika shughuli zote za mwezi unaokuja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walisimama kuusoma hata kama shughuli zenyewe haziwahusu. Jumatatu, kufuma. Jumanne, usomaji wa wazee. Jumatano, wageni na mihadhara. Jumamosi, hadithi za watoto. Alikuwa mhudumu wa ukumbi kwa mwaka wa ishirini na mbili. Kupanga viti, kufagia, kumjazia mgeni jagi la maji, na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ubaoni ndicho kinachofanyika. Hilo la mwisho alilichukulia kama kiapo.

Mwezi ule ratiba ilijaa pomoni. Wiki ya mwisho ilikuwa Wiki ya Kusoma, na kilele chake kilipangwa Jumamosi saa tatu asubuhi: watoto mia mbili na arobaini kutoka shule sita, wote ndani ya ukumbi, pamoja na mgeni rasmi kutoka halmashauri.

Jumatatu ya kwanza, alipoingia kupanga viti vya akina mama wafumaji, alikuta vumbi jeupe kwenye viti vinne vya mstari wa tatu. Akafuta. Jumanne likawepo tena, pale pale. Akadhani ni chaki, akamlaumu moyoni mwalimu mmoja mstaafu ambaye hakuweza kuzungumza bila kuchora kitu. Jumatano akaligusa kwa kidole. Lilikuwa na chembechembe, kama unga uliosagwa vibaya. Ndipo akainua macho.

Ufa ulianzia juu ya dirisha ukakata dari hadi karibu na taa ya katikati. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kusema ni unywele umenasa kwenye rangi.

Nyumbani alimweleza mumewe. Huyu alikuwa fundi mwashi hodari mpaka siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, na mdomo ndio uliobaki ukifanya kazi ya mwili mzima.

"Mlango wa ukumbi unafunga vizuri?" aliuliza.

"Siku hizi unakwama. Nausukuma kwa bega."

Mumewe akaacha kutafuna. "Juu ya ukumbi kuna nini, Mama Pacha?" Ndivyo alivyomwita tangu walipozaliwa mapacha wao.

"Stoo. Yale masanduku ya vitabu vya msaada."

"Mangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Karatasi ni nzito kuliko matofali," alisema mumewe. "Watu wanaona kitabu kimoja mkononi, wanadhani ni kitu chepesi."

Akamkorogea plasta nyeupe kwenye kikombe kibovu na kumfundisha cha kufanya. Kesho yake Mama Ratiba alipanda ngazi, akabandika viraka viwili vya plasta juu ya ufa, kimoja kila upande wa taa, akaandika tarehe kwa penseli. Vikikaa vizima, ufa umelala. Vikipasuka, unatembea.

Vilipasuka siku ya nne. Vyote viwili, katikati kabisa, kama biskuti.

Akapanda ofisini kwa mkuu wa maktaba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchapakazi, ambaye ndiye aliyeipigania maktaba ile ilipotaka kugeuzwa ghala. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye wengi walilisahau.

"Nimeuona ufa, mama," alisema. "Nimemwandikia mhandisi barua mbili. Amejibu atakuja baada ya Wiki ya Kusoma."

"Basi tuyateremshe masanduku, Mkuu."

"Tuyapeleke wapi? Mgeni rasmi anakuja kwa ajili ya hayo hayo masanduku. Wamekwishaandaa na mpiga picha."

Siku mbili baadaye alikuja fundi wa rangi. Alipaka dari yote rangi ya maziwa, ufa ukazikwa, ukumbi ukanukia upya. Akina mama wafumaji walipiga vigelegele. Mama Ratiba alisimama mlangoni na ufagio wake, akatazama viti vya mstari wa tatu vikiwa visafi, na hakupata nafuu. Sasa hakuwa na kitu cha kutazama.

Kuanzia hapo kila alichokiandika ubaoni alikiona kama orodha ya watu. Wazee thelathini wa Jumanne. Wafumaji kumi na wanne. Alikaa nyuma ya ukumbi katika kila kikao, macho juu, masikio wazi. Jumanne ya wiki ya mwisho, wazee wakiwa kimya wanasomewa, kitu kililia juu yao: *tk*. Kama mtu aliyevunja kidole. Bibi mmoja akageuka, akauliza kama kuna panya. Watu wakacheka, msomaji akaendelea.

Jumatano alikuja daktari kuzungumzia shinikizo la damu, na baada ya maneno akawapima watu. Zamu ya Mama Ratiba ilipofika, daktari alitazama mashine mara mbili.

"Mama, mbona imepanda hivi? Una mawazo?"

"Ninalo moja tu, daktari. Na umekaa chini yake."

Daktari alicheka sana. Kisha akatupa jicho juu, na bila kusema kitu akavuta kiti chake karibu na ukuta.

Alhamisi alimleta mumewe. Mzee aliingia ukumbini akisalimia kila mtu, akimtania mlinzi kuwa amenenepa kwa kulala kazini. Akagonga nguzo kwa fimbo. Akagonga ukuta wa dirishani. Akaenda katikati, akasimama chini ya taa, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu. Taratibu maneno yakamwishia. Mtu ambaye alizungumza hata akiwa ameweka mswaki mdomoni alikaa kimya dakika nzima.

"Mama Pacha," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nitoe nje."

Walipofika kwenye ngazi za mlangoni alikaa chini, akafuta uso. "Ile boriti ya katikati imekatika tumbo. Inakaa kwa mazoea tu."

"Itaanguka lini?"

"Ingekuwa mtu ningeiuliza. Inaweza kuwa leo. Inaweza kuwa mwakani."

Alirudi kwa Mkuu, safari hii bila kugonga. Akamweleza neno kwa neno. Mkuu alimsikiliza huku ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mume wako si mhandisi, mama. Mialiko imekwenda, shule zimekodi magari. Nifute kwa sababu ya fimbo ya mzee?"

"Futa kwa sababu yangu mimi. Miaka ishirini na mbili sijawahi kukuomba hata ruhusa ya msiba."

Mkuu alivuta karatasi zake karibu. "Nenda kapange viti," alisema.

Mama Ratiba hakupanga viti. Ijumaa saa kumi, msomaji wa mwisho alipotoka, aliufunga mlango wa ukumbi, akachukua mbao tatu alizozileta asubuhi na kuzipigilia misumari kutoka fremu hadi fremu. Mumewe alikaa kwenye kiti akimwelekeza wapi pa kupiga. Kisha alifuta mstari mmoja ubaoni, na kwa mwandiko ule ule mzuri akaandika: *Kilele cha Wiki ya Kusoma kitafanyika uani.*

Mkuu alifika Jumamosi saa moja. Alitazama mbao, akatazama ubao, akatazama uani ambako Mama Ratiba alikuwa akitandika mikeka aliyoiazima nyumba kwa nyumba.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Hakukuwa na muda wa kubadilisha kitu. Magari ya shule yalikuwa yanaingia. Watoto walikaa mikekani, wakasoma kwa zamu, jua likawachoma, wakafurahi kupita kiasi. Mgeni rasmi alifupisha hotuba kwa sababu ya joto. Hakuna kilichoanguka.

Mchana Mkuu aliagiza mbao zing'olewe, akamwingiza mgeni ukumbini na wenzake wanane, wakatembea chini ya dari ile wakielekeza vidole. Mama Ratiba alisimama nje, kucha zimezama viganjani. Akasikia mtu akisema, "Mbona pazuri sana?" Kisha vicheko. Wakatoka wote wazima, na mmoja akampiga bega: "Mama, dari imetuambia tukusalimie."

Jumatatu alipewa barua. Amesimamishwa kazi mpaka shauri lake lisikilizwe.

Zikafuata siku ambazo hakuwahi kuzisimulia vizuri. Alikaa nyumbani, akafua nguo zilizokuwa safi. Majirani waliosikia habari walimuuliza kwa upole kama analala vizuri. Na siku ya tano, akiwa anamenya viazi, aligundua kwamba anaomba. Alikuwa anaomba dari ianguke. Alisimamisha kisu hewani, akashtuka kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni kwake, na mwizi mwenyewe ni yeye. Akamwambia mumewe. Mzee hakumkemea, alisema tu, "Usipende kuwa sahihi, Mama Pacha. Ni ugonjwa."

Ndipo akaamua kuwaendea watu wa Jumanne. Wiki iliyofuata usomaji wa wazee ulikuwa unarudi ukumbini, shughuli ya kwanza humo tangu Wiki ya Kusoma. Alikuwa na majina yao wote kichwani. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu alitembea mtaa kwa mtaa. "Shikamoo bibi. Jumanne usiende maktaba." "Shikamoo babu. Jumanne nakuomba ubaki nyumbani." Baadhi walimkaribisha ndani. Mwalimu mstaafu alimcheka, akamuuliza kama ana chuki na Mkuu. Alikubali kuulizwa. Alikubali kuchekwa. Alipiga magoti mbele ya mzee mmoja mbishi, mtu mzima na magoti yake mabovu, mpaka mzee mwenyewe akaona haya.

Jumatatu jioni, akirudi, alipita mbele ya nyumba ya Mkuu. Mlango ulikuwa wazi. Mkuu alikuwa kibarazani akianua nguo, mgongo umegeukia barabara. Mama Ratiba alisimama. Alikuwa amegonga milango thelathini. Huu ungekuwa wa thelathini na moja. Akaikumbuka ile barua, akakumbuka kile kicheko cha ukumbini, na miguu ikaendelea na safari.

Jumanne saa nne na dakika kumi alikuwa kwa yule bibi aliyeuliza habari ya panya, maana bibi alikuwa amebadili mawazo na kuvaa viatu. Walikuwa wanabishana mlangoni waliposikia kishindo. Fundi cherehani wa mkabala na maktaba alisema baadaye ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila halikumaliza kumwaga. Bibi alivua viatu taratibu, kimoja, kingine, akaviweka kando ya mlango.

Mama Ratiba alikimbia. Uani palikuwa na wingu jeupe, na watu walikuwa wanapiga kelele bila kusogea. Akauliza nani yuko ndani. Mlinzi alitikisa kichwa. "Wazee hawakuja. Hata mmoja. Mkuu alisema atawangoja."

Walimchimbua kwa mikono, kwa sepetu, kwa vipande vya mbao. Masanduku yalikuwa yamepasuka, vitabu vya msaada vimetapakaa kila mahali, mabuku manene ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaomba, na iliwabidi kuyatoa moja moja kama matofali. Walimkuta chini ya meza ya mgeni, karibu na mlango. Alikuwa hai. Mguu wa kushoto ulibanwa na kipande cha boriti, na hospitali waliukata chini ya goti.

Mama Ratiba alikwenda kumwona siku ya sita. Mkuu alikuwa amekonda uso, anatazama ukuta.

"Nilikaa nikiwangoja," alisema. "Nikasema wakija hata wawili nitaanza. Nikatazama saa, nikakukasirikia. Nilijua ni wewe umewazuia."

"Ni mimi, Mkuu."

"Wangekuwa thelathini."

"Ndiyo."

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya dripu, akatoka.

"Uliwapitia nyumba zote?"

Mama Ratiba alilainisha shuka lililokuwa limelala sawa tayari. "Za wazee, zote," alisema.

Mhandisi alikuja, mwishowe. Jengo lilibomolewa, kamati ikaundwa, na kamati ilimwita Mama Ratiba kumuuliza alijuaje. Akawaambia habari ya vumbi. Walimrudisha kazini kwa barua fupi isiyo na neno la pole. Shughuli za maktaba sasa zinafanyika kwenye vyumba viwili vya shule iliyo jirani, vyenye paa la bati, na wazee wa Jumanne wamezidi kuwa wengi. Wanamheshimu kwa namna inayomchosha. Akikohoa tu wanatazama juu.

Mkuu amehamishiwa ofisi ya mkoa, anatembea kwa mguu wa bandia, na kila Jumapili humpigia simu kumjulia hali. Huzungumza kama ndugu. Wanaulizana habari za watoto, za dawa, za watumishi wapya. Mara mbili Mkuu amesema kwamba katika maisha yake hajawahi kukutana na mtu mwenye moyo kama wake. Mara zote mbili Mama Ratiba alikaa kimya mpaka Mkuu akadhani simu imekatika, akaanza kuita, "Haloo? Haloo, mama, upo?"