Mama Aliyesimama Mlangoni

Mwanangu, tangu uniambie kwamba Jumamosi unaanza kufundisha karate kule Kidugala, mimi nina hofu. Teke lako silihofii hata kidogo. Nahofia maneno yako. Kaa hapa nikusimulie siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa kijana, nafundisha watoto kwenye ukumbi wa usharika pale Makambako. Kila kitu nilikiita kwa Kijapani, kama nilivyofundishwa, na nilijiona kweli. Mwisho wa mazoezi watoto walipiga magoti, wakafumba macho niliposema mokuso, wakainama niliposema rei. Mbele yao ukutani kulikuwa na msalaba, wala mimi sikuuwazia. Aliyeuwazia ni mama yake Neema, aliyekuja kumchukua binti yake akasimama mlangoni. Alimshika mtoto mkono, akaondoka bila kuaga.

Wiki haikuisha, nikasikia eti nawasalisha watoto kwa miungu ya Wajapani. Nikaambiwa Mzee Elia, mzee wa kanisa aliyetunza ufunguo wa ukumbi, atakuja kutazama. Nilikosa usingizi. Hatukuwa na pengine pa kwenda. Nje baridi na matope, na wale watoto nilishawapenda. Basi nikajitia ujanja, siku hiyo nikafundisha kwa Kiswahili kitupu. Piga teke. Fumba macho. Inama. Watoto wakawa wanatazamana tu.

Mzee Elia alikaa na koti lake mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba."

"Yale maneno leo umeyaweka wapi?"

Nikababaika, nikasema nimeyaacha.

"Kama ni mabaya, ulifundisha ya nini? Kama ni mazuri, unanificha nini? Nimekuja na wasiwasi kidogo, sasa umeniongezea."

Nikamweleza kwamba mokuso ni kutuliza akili, rei ni kuinama kwa heshima, na kwamba mtoto wetu akienda kushindana Mbeya au Dar atayakuta maneno hayo hayo. Asipoyajua atabaki ameduwaa. Mzee akasikiliza, akaguna.

"Haya ungemwambia yule mama pale mlangoni, mimi saa hizi ningekuwa shambani kwangu. Nenda kamweleze. Akiridhika, ufunguo utaupata."

Nilikwenda, mwanangu. Mama Neema aliniuliza maswali magumu kuliko ya mzee, tena hakutabasamu. Mwishowe akasema atakuja aone mwenyewe, ila akiwa ndani. Mzee akatufungulia ukumbi siku hiyo moja, naye akaja. Nikawageuza watoto wakainamiana wao kwa wao badala ya kuelekea ukutani, na kila neno nikalisema kwa Kijapani, kisha kwa Kiswahili, huku namtazama yeye. Wiki iliyofuata Neema alikuwa mstarini, na ufunguo nikapewa.

Basi usiyaache maneno ya kazi yetu. Ila usimpe mtoto neno ambalo mzazi wake hajaelezwa, na ukiona wazazi wanakuogopa, usilifiche, maana ukificha ndipo wanapokuwa na haki ya kuogopa. Siku ya kwanza panga viti ndani, wazazi wasisimame mlangoni.

Mimi Jumamosi nitashinda na simu mkononi, sitatulia mpaka unipigie. Mungu akutangulie Kidugala, akupe ulimi wa kueleza, na ukumbi wako usikose mama wa kukuuliza.