Mkazo wa Marehemu

Saa mbili asubuhi, ukungu umeumeza Mlima Kurose na harufu ya kiberiti inakaba koo. Ndani ya gari la waya linalopandisha watalii kwenye kreta ya volkano, Fumie Nagakura (47) anashika kipaza sauti na kuwaonya kwa Kiingereza: moshi ule unaua, msivuke kamba. Katikati ya onyo anakohoa, kikohozi kikavu cha kiume.

Kikohozi hicho si chake.

“Mwaka jana wageni hawakuwa wakinielewa,” ananisimulia mimi, mwandishi wa habari. “Mmoja akavuka kamba, akazimia. Kampuni ikaniambia nijirekebishe, la sivyo wanaweka mashine.”

Tatizo hilo la matamshi ni letu Wajapani karibu wote. Kila silabi tunaipa uzito sawa, wakati Kiingereza kinataka moja ivutwe kwa nguvu na nyingine zimezwe. Mwenzake kazini, Tsukuda, hakuisha kumtania: “Dada, unaonya watu au unawasomea sala za mazishi?”

Fumie akaazima kanda za sauti za Kashiwagi, mtangazaji aliyemtangulia, ambaye ugonjwa wa mapafu ulimuua. Akawa anamfuatisha neno kwa neno, akivuta raba bendi vidoleni kila penye mkazo ili silabi irefuke. Wageni wakaanza kuelewa. Mshahara wake wa yeni laki mbili kwa mwezi ukasalimika.

Ila mkazo haukuja peke yake. Ulikuja na pumzi za marehemu, na kile kikohozi.

“Nikijizuia kukohoa, maneno yanalala tena,” anasema. “Naogopa, sikufichi.”



Kila Jumamosi hupanda Bibi Yasuko, mjane wa Kashiwagi. Kiingereza hajui hata neno. Hukaa mbele na kufumba macho, akimsikiliza mumewe. Leo Fumie anamwinamia.

“Bibi, nisamehe. Nimepata mwalimu wa matamshi. Nataka nitangaze kwa sauti yangu mwenyewe.”

“Fanya hivyo, binti yangu,” anajibu bibi, akimshika mkono. “Ila siku ya mwisho mwambie mume wangu ashuke na mimi. Huku juu kuna baridi.”

Gari linafika kituoni. Fumie amekwishapanga: Jumamosi ijayo, safari ya kushuka, atatangaza kwa mkazo wa Kashiwagi kwa mara ya mwisho, kisha atamkabidhi bibi kanda za mumewe.

“Mkazo wangu mwenyewe nitaujenga polepole, hata wakinicheka,” anasema. “Natumaini tu marehemu atakubali kushuka.”