Fidla Mbili Msimu wa Mvua

Ngozi ya kenge iliyolowa ina harufu yake, nusu samaki na nusu kiatu kipya, na mtu aliyekulia katika boma letu hawezi kuisahau hata akiishi ng'ambo miaka kumi na tisa kama nilivyoishi mimi. Ilikuwa harufu ya nyumba ya baba mdogo, Oluoch, mpigaji wa orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja ambayo kasha lake huwambwa ngozi ya kenge. Mvua za wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya sitini, zilikataa kuisha. Ziwa lilipanda likameza mashamba ya watu Sindo na pwani ya Homa Bay, na hata huku kwetu Suna, mbali na ziwa, kila kitu kilikuwa na unyevu: unga, blanketi, kiberiti. Ngozi ya orutu ikilowa hulegea, na sauti inakuwa kama ya mtu anayezungumza akiwa na chakula mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kwenda kupiga kwenye arusi au matanga, baba mdogo aliitundika orutu yake juu ya meko ya mama, pale samaki walipokaushwa, akawa anaigonga kwa kidole kila baada ya muda mpaka ngozi ikaze. Baba yake alifanya hivyo, na wapigaji wote wa upande ule walifanya hivyo.

Mimi sikupiga orutu. Naandika bila haya, kwa kuwa wanaoijua kazi yangu wanajua sisemi uongo: katika lokesheni yetu nilikuwa mtoto wa kwanza kupiga fidla ya nyuzi nne, na miaka mingi ilipita kabla sijasikia habari za wa pili. Fidla yangu ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kitoto, iliyoachwa na familia ya mhubiri mmoja iliporudi kwao. Mwalimu Zakayo, aliyetufundisha hesabu na nyimbo za kanisani, aliniwekea begani nikiwa na miaka tisa. Nilipofika kumi na mitatu nilikuwa nimemaliza yote aliyoyajua, na ni yeye mwenyewe aliyekuja nyumbani kumwambia baba. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua kofia iliyolowa, akasema, "Baba Ochieng, vidole vya huyu kijana vinakanyagana. Hii fidla imekuwa nguo ya mwaka juzi." Kisha akaeleza jambo lililonifanya nisilale vizuri kwa wiki mbili. Shule moja ya sekondari karibu na Homa Bay ilikuwa na mwalimu wa muziki aliyekuwa anakusanya wapigaji. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Angewasikiliza watoto Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, na aliyekwenda na fidla ya mtoto asingepewa hata kiti.

Baba hakuwa mtu wa muziki. Alichimba dhahabu Masara, na mikono yake ilikuwa imezoea kupima kila kitu, hata mkate. Lakini alikubali. Jumamosi ya wiki iliyotangulia tulipanda basi, baba, baba mdogo na mimi, tukapita Rongo katika matope yaliyotushusha mara tatu kulisukuma, tukafika Homa Bay kwa Bwana Fernandes, Mgoa aliyekuwa karani wa serikali na sasa alikuwa anafunga mizigo yake aondoke nchini, akiuza asivyotaka kubeba. Nyumba ilinuka nafthalini na majani ya chai. Juu ya kitanda kisicho na godoro alikuwa ameweka fidla mbili kubwa. Moja ilikuwa ya njano, inang'aa kama imepakwa samli. Nyingine ilikuwa ya hudhurungi, imechubuka pale kidevu kinapolala, na rangi yake ilikuwa imekwisha mahali ambapo mikono ya watu wengine ilikuwa imepita.

Nilidhani tungechagua palepale. Bwana Fernandes alikataa. "Hapa chumba tupu, kila kitu inalia vizuri hapa," alisema. "Chukua yote mbili. Kaa na hii wiki moja, asubuhi, jioni, ukiwa na hasira, ukiwa umeshiba. Halafu wewe mtoto utajua. Mzee, wewe usimwambie." Baba akamuuliza kama haogopi tutapotea nazo. Mgoa akamtazama viatu, akasema, "Na matope hii utakimbilia wapi?"

Wiki ile boma letu liligeuka baraza. Baba alizishika fidla mbili, moja kila mkono, akafumba macho, akasema ya njano ni nzito na kwa hiyo ndiyo ya kweli. Huko Masara kilicho chepesi humwagwa na maji. Mwalimu Zakayo alichungulia kwenye tundu la ya njano kwa tochi, akaona karatasi iliyochapishwa jina la fundi wa Kizungu, akavua miwani kwa heshima. Ya hudhurungi haikuwa na karatasi. Baba mdogo alikuwa na njia yake. Aliniambia nisimame mlangoni nipige wimbo mmoja kwa fidla moja kisha nyingine, naye akatembea kwenda zake, akapita zizi, akapita migomba, akazidi kwenda mpaka sauti ikamwishia. Ya njano ilimfuata hadi kisimani. Ya hudhurungi ilimwacha njiani. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini, akasema, "Hii ya hudhurungi yako imelala, nyathina, mtoto wangu. Watu wa matanga watakufa wenyewe wakingoja kuisikia." Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Nilicheka pia, lakini nilikuwa nimekwisha kuchagua. Ya njano ilipiga kelele tu. Ukiigusa polepole ilinyamaza, ukiigusa kwa nguvu ilifoka, katikati haikuwa na kitu. Ya hudhurungi ilikuwa na sauti nzito kidogo wiki ile, kama imefunikwa na kitambaa, lakini ndani ya kitambaa kulikuwa na mtu. Nikipunguza upinde ilipungua nami. Nikitaka ilie, ililia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hakuwa na maneno ya kuwaeleza hayo watu wazima watatu. Nilisema tu, "Naitaka hii." Baba akajibu kwamba Ijumaa alasiri ndugu wote watakuja kusikiliza, na uamuzi utatoka hapo, kwa kuwa dhahabu ya miezi mingi haitolewi kwa kutaka kwa mtoto.

Ijumaa nilitumwa posho mill kusaga mahindi. Niliporudi ua ulikuwa umejaa: mashangazi, majirani, wazee wawili wa kanisa. Nilianza na ya njano, wakapiga makofi. Nikaichukua ya hudhurungi. Ilikuwa na joto mikononi, na nilifikiri ilikuwa karibu na dirisha, ingawa jua hatukuwa tumeliona tangu Jumanne. Nilivuta upinde. Ikatoka sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikajaribu tena, nyuki akazidi. Shangazi mmoja akasema, "Hiyo inaumwa kifua," na watu wakacheka, na baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeondolewa jambo gumu. Niliigeuza. Ubavuni, mahali mbao mbili zinapokutana, kulikuwa na mwanya unaoweza kuingiza ukucha. Gundi ilikuwa imeachia. Na fidla yote ilinuka moshi na omena, wale dagaa wa ziwani.

Nilimtazama baba mdogo. Hakujificha. "Niliitundika kwa meko," alisema. "Ilikuwa imelala kwa sababu ya hii mvua. Nilitaka iamke, hata wewe upate ile unataka." Alisema mbele ya watu wote, taratibu, akiwa bado ameshika kofia. Sikumjibu siku ile. Ningemjibu siku ile nyumbani ingekuwa heri.

Jumamosi alfajiri tukarudi Homa Bay, watatu wale wale. Baba mdogo ndiye aliyemweleza Bwana Fernandes, akasema kosa ni lake na kwamba kwao aliyeharibu huchukua alichoharibu. Mgoa aliitazama fidla chini ya dirisha, hakukasirika. Alisema haikuvunjika, imefunguka tu. Gundi ya fidla hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, nayo huwekwa dhaifu makusudi, ili pakiwa na shida iachie gundi na mbao isipasuke. Aliweka kopo la gundi kwenye maji ya moto, akapitisha kisu chembamba, akabana kwa vipande vya mbao na kamba. Nilisimama karibu sana hata akaniambia nisimpumulie mkononi. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Kabla ya hapo hakuna kupiga."

Ilikuwa saa nne. Saa sita nilitakiwa mbele ya mwalimu wa muziki. Ndipo nikamgeukia baba mdogo, nikasema kwa Kiswahili ili na mwenye nyumba asikie, "Huyu hajui kitu. Anajua tu vitu vya ngozi ya kenge." Baba alininyanyulia mkono lakini baba mdogo akaushika. "Mwache," alisema. "Ni kweli, hii si kazi yangu." Akatoka nje, akakaa kwenye baraza akiyatazama maji yaliyokuwa yamefika hadi uani mwa watu.

Nilikwenda na ya njano. Mwalimu wa muziki, mtu mwembamba mwenye kikohozi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya polepole kwa sauti ya chini. Niliigusa polepole, ikanyamaza. Alingoja. Nikaigusa tena, ikafoka. Aliandika kitu, akamwambia baba nina vidole vizuri lakini fidla ile haijui kusema polepole, na nafasi akapewa mtoto wa mwalimu mkuu mmoja kutoka Rongo. Jumapili tulirudi nyumbani na ya hudhurungi, maana baba, baada ya kumsikia mtu aliyesoma akiikataa ya njano, alisema basi mtoto achukue anayoitaka. Niliipata fidla bora kuliko zote nilizowahi kushika kwa miaka kumi iliyofuata, na sikuwa na mahali pa kuipiga. Baba mdogo aliendelea kupiga orutu kwenye matanga ya watu. Katika boma letu, nikiwapo, hakuipiga tena. Nikiingia akiwa anaikaza uzi, aliuliza habari za shule.

Yaliyofuata niliyafanya mwenyewe, wala sikumbuki mtu aliyenisaidia kuyabeba. Nilijifunza useremala Kisumu, nikasoma kwa barua nikiwa nimesimama kwenye meza ya kazi, nikafika Uingereza kwa meli na koti moja, na baada ya miaka minne nikapata diploma ya kutengeneza na kurekebisha fidla. Tulianza kumi na wanane, tukamaliza saba, na wa Afrika nilikuwa peke yangu. Diploma ile imetundikwa ukutani mwa karakana yangu hapa Migori, na wanaokuja huisoma kabla ya kunisalimu. Siwalaumu. Niliitundika waisome.

Mwaka wa pili kule chuoni, wakati wa mvua zao zisizo na radi, fidla za wanafunzi zilianza kutoa sauti ya kitambaa. Mwalimu wetu hakuzigusa nyuzi wala daraja, kile kibao kinachozibeba. Alitupeleka kwenye chumba kidogo chenye jiko la makaa upande wa mbali na kipimajoto mlangoni, akazitundika kwa shingo, zote, siku tatu, akiingia kuzigonga kwa kidole. Zilipotoka zilikuwa zimeamka. Nilisimama mle ndani nikielewa kwamba yule mtu asiyesoma hata darasa moja alikuwa ameijua ile fidla ya hudhurungi ugonjwa wake na dawa yake, kwa kusikiliza tu akiwa njia ya kisimani, akakosea umbali wa moto. Mimi, baba na Mwalimu Zakayo hatukuwa tumejua kwamba ni mgonjwa.

Nilipomaliza niliandika nyumbani. Niliandika kurasa nne kuhusu diploma, nikaambatisha picha yangu nikiwa na joho. Jibu la baba mdogo liliandikwa na binamu yangu, mistari mitatu. Amefurahi, ameionyesha picha kanisani. Kisha akauliza: huko kuna mvua, na kama ipo, mnafanyaje? Niliisoma nikacheka, nikaona ni maswali ya mzee anayeuliza hali ya hewa kwa kukosa la kusema. Miezi michache baadaye ilinijia usiku nikiwa nimelala kwamba alikuwa ananiuliza habari za kazi, fundi kwa fundi, na alikuwa amengoja miaka yote ile apate mtu wa kumuuliza. Nilianza barua. Niliipanga vizuri mno, nikataka iwe ndefu, nikataka niweke na mchoro wa kile chumba. Habari za kifo chake zilifika kabla sijaimaliza.

Siku hizi wazazi wanatoka mpaka Kisii kuwaletea watoto wao fidla. Nyingi zimetengenezwa viwandani, zinang'aa zote sawa, na baba wa mtoto hunionyesha bei kwenye simu kabla mtoto hajagusa uzi. Mimi huwapa mbili waende nazo nyumbani wiki moja. Wengi hukasirika, wanataka jibu leo. Mgongo unaniuma, macho hayaoni maungio bila miwani miwili, na vijana niliowafundisha wameenda Nairobi. Nyuma ya karakana nimejenga chumba kidogo chenye jiko la makaa, na msimu wa mvua huwa kimejaa. Mgeni akikiona husifu, huuliza nani alinionyesha ujuzi ule, na mimi nikiwa nimesimama chini ya cheti changu huwa najibu kwamba nilijifunza Uingereza. Nimejibu hivyo kwa miaka mingi. Wiki iliyopita mama mmoja aliuliza, binti yake akiwa pembeni na upinde mkononi, nikafungua mdomo kusema lile lile nikajikuta nimechoka nalo. Nikamwambia ni baba mdogo wangu, Oluoch, mpigaji wa orutu wa Suna. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akageuka kuisoma diploma.