Makopo ya Oili ya Karakana ya Igogo

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na shahada ya uhandisi mitambo na shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nilipewa nyundo na patasi nikaambiwa nitoboe makopo. Yalikuwa makopo matupu ya oili ya injini, yamepangwa kando ya ukuta wa karakana ya kampuni moja ya umma ya usafirishaji, pale Igogo, Mwanza, mahali ambapo ukiinua kichwa unaliona ziwa. Kila kopo lilitakiwa kutobolewa kitako kabla ya kutupwa. Nikamuuliza Fundi Mkuu sababu.

“Ili lisijazwe tena.”

“Nani atalijaza?”

“Injinia, wewe toboa kwanza. Maswali hayaishi, makopo yanaisha.”

Mafundi wakacheka. Walikuwa hawajawahi kupangiwa msichana, sembuse msichana wa chuo kikuu, na nadhani walisubiri waone kama nitalia. Sikulia. Nilitoboa makopo yote, nikaenda kumuuliza tena.

Fundi Mkuu alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mfupi mwenye viganja vipana, ambaye ufundi aliujifunzia chini ya magari. Malori yetu yalibeba pamba, na yakirudi kutoka safari aliyapokea yeye. Injini iliachwa iungurume kidogo, kwa sababu oili baridi ni nzito na huacha uchafu chini. Kisha lori lilizimwa mahali tambarare, mawe yakawekwa kwenye matairi, na nati ya sampo ikafunguliwa. Sampo ni lile bakuli lililo chini ya injini, ndimo oili inamokaa. Baada ya hapo tulisubiri oili ishuke mpaka tone la mwisho. Mimi kusubiri kulinichosha. Mzee Magesa alichuchumaa tu, akalikinga tone kwa kidole, akalisugua, akalinusa, akalidondosha kwenye kipande cha gazeti. Doa likisambaa sawasawa, injini ni nzima. Likiacha weusi katikati, alitikisa kichwa, akasema beringi zimeanza kuliwa au maji yanaingia mahali.

Sikuamini. Niliandika utabiri wake kwenye daftari kwa miezi kadhaa, nikiulinganisha na tulichokikuta injini zilipofunguliwa. Nilimkamata amekosea mara mbili. Alifurahi kuliko mimi, akavuta kigoda, akaniomba nimweleze alipokosea. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu wakati huo, na sijaona mwingine aliyenivutia kiti ili nimwambie kosa lake.

Kisha ikaja biashara huria. Magari yaliyotumika Japani yalianza kujaa mjini, na oili, ambayo zamani tuliipata stoo kwa kibali, sasa iliuzwa Mkuyuni katika maduka yaliyopakana, kila duka na chapa zake. Nami nilinunua kigari changu. Pale karakana tuliletewa Meneja mpya kutoka Dar es Salaam, mtu mpole aliyependa mapendekezo. Mishahara ilikuwa inachelewa. Nikamwandikia dokezo: makopo ni mali, watu wanahitaji vyombo vya mafuta ya taa, kwa nini tuyatoboe wakati wafanyakazi wangeweza kugawiwa wakayauza? Mzee Magesa alilikataa dokezo hilo mbele ya Meneja, nikiwepo. Wiki iliyofuata alilikataa tena. Meneja akaniuliza nina hoja gani, nikasema kwamba kila ninapouliza nani atayajaza naambiwa ndivyo tunavyofanya. Likapita. Mafundi wakaniita Injinia wa Makopo, nami jina nikalipenda.

Gari langu nililibadilisha oili mwenyewe, nyumbani. Jumamosi moja asubuhi nililala chali juu ya gunia, beseni ubavuni, na jirani yangu Mama Neema akaja kusimama usawa wa miguu yangu.

“Hivi dada, na kusoma kote huko, gereji hawakupokei?”

Nikamwambia gereji ndiyo mimi. Akasema basi gereji ina miguu michafu.

Nilifanya yote ipasavyo. Nilipasha injini, nikasubiri tone la mwisho, nikaifuta nati na kubadilisha washa yake, ile pete ya kuzuia kuvuja, nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na kuikaza kwa mkono. Halafu nikafungua kopo nililonunua Mkuyuni, lenye lakiri yake ya bati mdomoni kuonyesha halijafunguliwa, nikalimimina. Sikunusa. Sikusugua. Gazeti lilikuwepo pale pale chini ya kichwa changu. Kuhoji kwangu kote kuliishia kwenye lakiri ile.

Wiki chache baadaye, nikipita Igoma kwa barabara ya Musoma, taa ya oili iliwaka. Kabla sijapata pa kuegesha, injini ikagonga mara kadhaa kwa ndani, ikanyamaza. Ilikuwa imenoki. Mzee Magesa alikuja na lori kunivuta hadi nyumbani, akaifungua sampo mwenyewe. Mlikuwa na uji mweusi. Akaliomba kopo, maana alijua nimelitunza kwa mafuta ya taa. Akaligeuza. Kitakoni palikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa msumari, kama Mtunza Stoo wetu alivyokwaruza kila kopo alilolitoa. Lilikuwa kopo letu, limejazwa oili chafu, ile ambayo watu hupaka mbao kuzuia mchwa.

“Kumbe na lakiri wanaigonga upya,” alisema taratibu, kama mtu anayejifunza kitu.

Akanirudishia kopo.

Haikuwa injini yangu peke yake. Malalamiko yalifika ofisini, na yalifika wakati mbaya, kwa kuwa orodha ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa inaandaliwa. Meneja alituita wote, akauliza nani aliruhusu makopo yatoke bila kutobolewa. Dokezo langu lilikuwa kwenye mtoto wa meza yake, lina sahihi yake. Nilimwangalia, akaangalia dirishani. Mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho. Nilihitaji kusema sentensi moja tu, nami nilikuwa nayo mdomoni.

“Karakana ni yangu, Meneja,” alisema Mzee Magesa. “Kilichotoka mlangoni ni changu.”

Nikaimeza.

Barua yake ya kuachishwa haikusema amepunguzwa kama wenzake. Ilisema uzembe katika utunzaji wa mali ya kampuni. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanawa mikono kwa petroli na sabuni kama siku zote.

Ilinichukua karibu mwaka kupanda meli kwenda Ukerewe. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga ya mdogo wake, anamwaga oili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa beseni nishike. Nikamweleza yote, nikalisahau beseni mpaka oili ikamwagika kwenye viatu.

“Niliogopa, mzee.”

“Nilikuona,” alisema. “Hapa kila mtu ananijua. Lakini lile neno liko Mwanza, kwenye faili. Ukipata nafasi, mwanangu, kalitoe.”

Nilirudi na barua niliyoiandika melini. Kampuni ilikuwa imeingia mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali za kampuni inayofungwa, na mafaili yamepakiwa kwenda nisikoambiwa. Nilihamia kiwanda cha kusindika samaki, baadaye manispaa, hadi nilipostaafu. Kila mahali niliandika barua. Walionijibu walisema hawahusiki. Mzee Magesa alifariki nikiwa bado nangoja majibu.

Ninyi mnaoanza kazi sasa, hojini. Sijaacha, na siwashauri muache. Ila mzee akiwajibu kwa maneno matatu, kaeni naye mpaka muyapate yaliyobaki. Mimi ningetoa mengi kusubiri tena lori moja limalize kudondosha oili, naye amechuchumaa pembeni, kidole kimekinga, hatuongei.

Faili sikulipata. Kwa hiyo naandika hapa, ambapo wajukuu zake wanaweza kusoma: dokezo la makopo niliandika mimi. Mzee Magesa alilikataa mara mbili, nikimsikia. Hakuwa mzembe.