Tulivyoitafutia Mashua Malazi, Mama Mkwe Akiwa Ndani

Mzungu niliyekuwa nikimshonea maturubai Likoni, alipoona uhuru umekaribia, alifunga masanduku akaenda zake kwao. Mimi akaniachia mashua yake ndogo ya injini. Fundi cherehani ana kazi gani na mashua? Lakini nilipewa, nikapokea. Wiki haikuisha, watu wa feri wakaniambia niiondoe pale ilipofungwa, la sivyo wataikata kamba. Ikabidi nikaitafutie pa kulala ndani ya lile hori, mkono wa bahari uingiao bara nyuma ya bandari.

Ningekwenda na rafiki yangu Salimu tu, ajuaye injini. Lakini habari zilimfikia mama mkwe wangu, Bi Zena. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu hakuwahi kunichekea hata siku moja. Akiwa na neno nami, alimwambia mke wangu aniambie, na mimi nimekaa papo hapo.

"Mwanangu atapanda chombo hicho," alisema. "Basi nataka kujua kinalala wapi."

Asubuhi tuling'oa nanga Likoni. Bi Zena alikaa chini ya turubai na mwavuli wake, mimi nikakaa mbele nimetazama kwingine kwa adabu. Injini ilikohoa, ikawaka. Tulipopita meli kubwa zilizofunga gatini, alizikagua moja moja. "Ile ina kutu," alisema. "Na ile, aliyeipaka rangi alikuwa na haraka."

Upande wa Changamwe tuliona kijipwani kizuri. Kabla hatujakifikia, mlinzi mmoja akatupigia kelele tuondoke, garimoshi likapita likilia, na harufu ya mafuta ikatufunga pua.

"Hapa mashua haitalala," akasema Bi Zena. "Hapa itakesha."

Tukageuza.

Tulifika Mtongwe maji yamejaa pomoni. Mikoko ilisimama majini mpaka shingoni, kivuli tele, kimya, upepo kidogo. Nikasema, "Ni hapa." Salimu akasema, "Wallahi, ni hapa." Tukafunga kamba kwenye mkoko. Bi Zena alikuwa amesinzia, na hatukuthubutu kumwamsha. Tukakunja suruali, tukajivuta kwa matawi ya mikoko mpaka nchi kavu, tukaenda kumwomba ruhusa mwenye shamba la hapo.

Huyu alikuwa mjane, jina lake Bi Mwanasiti. Alitukaribisha kahawa na mahamri, akataka habari zote za Likoni, nani kaoa na nani kaachwa. Nikamsifia pwani yake. "Maji yako, mama, ni mazuri mno."

"Mazuri," alijibu, "yakiwepo."

Nikadhani ni mzaha. Nikachukua hamri jingine.

Tuliporudi, maji hayakuwepo. Mashua ililala ubavu juu ya matope, kaa wanaizunguka, na Bi Zena amesimama ndani yake, mkono mmoja kwenye nguzo ya turubai, mwingine kwenye mwavuli.

"Bakari!" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

"Labeka, mama!"

"Mmeyapeleka wapi maji?"

Salimu alijitosa kumwendea. Hatua chache tu, akazama mpaka mapajani, akabaki pale kama kigingi. Nikapaza sauti, "Mama, nije nikubebe mgongoni?"

"Unibebe mimi? Mkwe wangu? Nitakaa hapa mpaka hayo maji yaone haya, yarudi yenyewe!"

Jua lilikuwa kali. Nikamwona moyoni mke wangu akiniuliza mama yake yuko wapi, nikaiona na ndoa yangu ikilala ubavu.

Bi Mwanasiti alikuja, akatazama, akarudi kwake. Alipotokea tena alikuwa na majirani zake wawili, wanawake, wamebeba mlango wa jiko lake. Wakaulaza juu ya matope, wakaufunga kamba, wakauegemea na kuusukuma mpaka kwenye mashua, wakamkalisha Bi Zena juu yake. Kamba nikapewa mimi.

"Vuta," akasema Bi Zena, "lakini usigeuke. Sitaki unione hivi."

Nikavuta. Mwanzo mlango ulikuwa mzito, kisha ukateleza vizuri ajabu, nikajisifu kwa nguvu zangu. Kelele za nyuma nilidhani ni za kunishangilia. Nilipofika pakavu, nikageuka. Mlango ulikuwa mtupu. Bi Zena alikuwa ameketi katikati ya matope, yamemfika kiunoni, na mwavuli wake ungali juu.

Salimu, kule alikozama, akaanza kusoma dua. Kisha tukasikia sauti chini ya mwavuli. Nilidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Namwita, namwita!" akawaambia wale wanawake. "Na yeye ndio kwanza anakaza mwendo kama farasi!"

Alasiri maji yalirudi. Bi Zena alikuwa ameshatolewa matopeni, ameoga, amejifunga leso ya kuazima, na yeye na Bi Mwanasiti wamekuwa mashoga. Bi Mwanasiti akatuonyesha mahali mbele ya mikoko, penye kina, ambapo maji hubaki hata yakipwa.

"Mbona hukutuonyesha mapema, mama?" nikamuuliza.

"Hamkuuliza. Mlikuwa mkisifu."

Tukaiacha mashua hapo ikielea, tukarudi Likoni kwa miguu, Salimu bila viatu, maana vilibaki matopeni alipovutwa.

Basi nilijifunza kwamba anayetafuta pa kulaza mashua aende kupatazama maji yakiwa yameondoka. Ila faida niliyoipata si hiyo. Kila Ijumaa sasa Bi Zena hutaka nimsindikize Mtongwe kwa shoga yake. Kupanda mashua hataki. Hutaka twende kwa miguu, apate kunihadithia upya nilivyomwangusha, na kila akihadithia, mbio zangu huzidi.