Kimeng'enya Alichokipika Mwongeli

Mwongeli hana cheti hata kimoja cha sayansi. Mwulize Mwalimu Odera, atakuambia kabla hujamaliza swali. Alianza kazi akipiga deki maabara ya shule moja ya upili karibu na Shauri Moyo. Aliosha vyombo huku masikio yakiwa kwenye somo, na leo, miaka kumi na tisa baadaye, ndiye anayetayarisha vifaa vya kila mtihani wa baiolojia. Odera, anayefundisha somo hilo, hachoki kumwambia mwalimu mkuu aajiri mtu aliyesoma. Alikuwa akingoja kosa moja tu.

Na kosa, jamani, Mwongeli alilifanya asubuhi ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne.

Mifereji ilikuwa mikavu siku ya nne mfululizo. Maji yalikuwa ya kununua kwa mkokoteni, na tangu kipindupindu kimlaze kitinda mimba wake, Ndolo, wiki mbili hospitalini, Mwongeli hatumii maji hayo bila kuyachemsha. Ya kunywa anachemsha, ya kuoshea sukuma wiki anachemsha. Basi akachemsha na ya maabara. Watahiniwa walishajipanga mlangoni, hakungoja yapoe. Aliyamimina kwenye unga wa kimeng'enya yakifuka mvuke, akakoroga, akagawa.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Neli ya kwanza ina wanga peke yake; ukidondoshea iodini inageuka buluu nzito, karibu nyeusi. Ya pili ina wanga na kimeng'enya, kile kitu ambacho hata kwenye mate yetu kimo, kinachokatakata wanga ukawa sukari. Ngoja nusu saa, dondosha iodini: wanga umekwisha, rangi inabaki kahawia ya iodini yenyewe.

Nusu saa ilipokwisha, Mwongeli alikuwa akipita kati ya meza. Akasimama nyuma ya Jacklyne, msichana anayetaka unesi kufa kupona. Neli zake zote mbili zilikuwa buluu. Meza iliyofuata, buluu. Ya tatu, vilevile. Yale maji! Kimeng'enya ni protini, na protini ikishaiva haina kurudi nyuma. Nani amewahi kulifanya yai la kuchemsha kuwa bichi? Alikuwa amekipika kwa mikono yake mwenyewe.

Jacklyne alikuwa ameandika buluu. Akaitazama neli tena, akaitikisa, kisha akapiga mstari juu ya jibu lake na kuandika kahawia. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Mwongeli akatoka hadi veranda, alikokuwa Odera.

"Mwalimu, nimeua kimeng'enya. Maji yalikuwa moto."

Odera hakupandisha sauti. "Nyamaza, Mama Ndolo. Hawa nimewakaririsha. Wataandika kahawia, na msahihishaji hataziona neli. Ukifungua mdomo, ripoti itaandikwa, na jina ndani yake ni lako."

Kweli tupu, na ndiyo iliyomuuma. Akinyamaza, kazi yake imepona. Lakini yule msichana aliona kwa macho yake, akayakana macho yake! Kesho atakuwa wodini anapima damu ya mtu, na ataandika alichokariri? Mwongeli aliogopa, na hasira ikamjaa, hasa ya kujikasirikia.

Akarudi ndani mpaka kwa Madam Anisa, msimamizi aliyetoka shule nyingine.

"Madam, kosa ni langu. Kimeng'enya kimekufa kabla watoto hawajaanza."

"Kuna kingine?"

"Hakuna. Kichupa kimekwisha."

Anisa akaandika ripoti palepale, Mwongeli akatia sahihi. Kupitia dirisha alimwona Odera, simu ikiwa sikioni, na jina la mwalimu mkuu akalisikia waziwazi. Miaka kumi na tisa, basi.

"Sikilizeni," Anisa akawaambia watahiniwa. "Andikeni mlichokiona. Ripoti itaeleza sababu."

Jacklyne akainua mkono. "Madam, nilikiandika halafu nikakifuta."

"Kiandike tena, mwanangu," Mwongeli akajibu kabla ya msimamizi.

Alidhani ni Jacklyne peke yake. Darasa zima likainama, watoto thelathini na wawili, na kila mmoja akaanza kufuta kahawia.