Fundi wa Magongo ya Kriketi na Saa Iliyozidi

Saa nne na nusu asubuhi, Tunduma, na fundi Boazi Nzowa hakaliki. Anachungulia barabarani, anarudi kwenye meza yake ya useremala, anashika randa, analiparuza gongo la kriketi lililokwisha kamilika tangu jana. Kisha huyoo, barabarani tena.

"Boazi, kaa chini bwana, unanitia kizunguzungu," anasema mkewe, Tabita, anayepeta maharage mlangoni.

Anayengojewa ni Mwalimu Shadrack, wa shule moja ng'ambo ya mpaka, Zambia. Anataka magongo kumi na mawili kwa wanafunzi wake, na leo anachagua fundi: Boazi, au mwenzake wa Nakonde, huko huko Zambia. Alisema atafika saa nne.

Shida ni kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto wa Tunduma hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Boazi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, hakuuliza ni saa nne ya wapi!

"Furaha ilinizidi," anajitetea. "Na simu hii nayo haina msimamo. Ikishika mtandao wa kule inarudi nyuma, ikishika wa huku inaruka mbele. Sasa nimwamini nani?"

Kwa miaka kumi na tisa amechonga mipini ya majembe, mmoja shilingi elfu tatu. Kwao Hasamba, wilayani Mbozi, mpini hukaushwa darini, juu ya moshi wa jikoni, mpaka ukomae. Basi na gongo lake la kwanza, la mti mgumu kweli kweli, akalitundika humo humo miezi mitatu. Lo! Mwalimu Shadrack alipokuja kulijaribu alipiga mpira mmoja tu, akalitupa, akawa anapuliza viganja.

"Akaniambia, 'Fundi, hili ni la kuulia nyoka,'" anakumbuka Boazi. Anacheka, lakini macho yake yako barabarani.

Ndipo alipoukumbuka mringaringa, mti mwepesi usiomsumbua fundi. Ulikuwapo mmoja Hasamba, ukiitilia kivuli mibuni ambayo Tabita aliachiwa na mama yake. Boazi akauangusha.

"Nilimruhusu mwenyewe," anasema Tabita bila kuinua uso. "Ila mibuni ile sasa inaungua na jua. Asipochaguliwa, kivuli cha mama nimekitupa bure. Inaniuma, sidanganyi."

Mbao za mti ule zimepangwa ndani, zinangoja. Yaliyochongwa ni magongo mawili tu ya mfano. Ikifika saa tano kasorobo, Boazi ameshalikwangua la kwanza mpaka limekonda. Anaponyoosha mkono achukue la pili, Tabita anaweka ungo chini, analinyakua, analikalia.

"Hili sasa ni kiti changu. Kama mkono unakuwasha, vyombo vile pale, osha."

Saa tano kamili Mwalimu Shadrack anatokea, hana haraka, mpira mkononi. Kwa saa yake hajachelewa hata dakika. Anaomba gongo, anamtaka Boazi amrushie mpira. Anapiga. Pa! Gongo lililokonda linapasuka ubavuni.

Boazi anajishika kichwa.

Tabita anainuka, analipangusa gongo lake kwa kitenge, anamkabidhi mgeni. Mwalimu anapiga mara moja. Anapiga tena. Mara ya tatu mpira unavuka paa la jirani, kuku wanatawanyika.

"Chawama, fundi," anasifu kwa Kibemba, kisha anarudi kwenye Kiswahili. "Hili zuri. Lakini lingine limevunjika mbele yangu. Nichongee sita kwanza, mengine sita nampa mwenzako. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja kuyachukua, saa nne."

Nusu ya alichokitamani. Boazi hajui acheke au anune, anazunguka meza yake mara mbili.

"Mvua zikianza napanda miringaringa ishirini pale Hasamba," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Tabita arudishiwe kivuli chake, na mimi nizeeke nikichonga magongo. Mwaka kesho yote kumi na mawili yatakuwa yangu, utaniambia."

Hapo hapo anasimama wima, kama aliyeumwa na siafu, anachomoka mbio kuelekea barabarani.

"Mwalimu! Mwalimu we! Saa nne ya kwenu au ya kwetu?"

Mwalimu ameshapotelea kwenye kona. Tabita anaiokota randa, anaiviringisha ndani ya kitenge, anaingia nayo chumbani.

"Aje saa anayotaka," anasema. "Randa nitaitoa wakati wa kuchonga, si wa kungoja. Magongo atayakuta mazima."